Tano za Mgeni

Maktaba ya chuo ilikuwa na mlango mpya wa chuma unaozunguka, na kila aliyepita alihesabiwa. Dk. Byabato, Mkurugenzi wa Uhakiki Ubora, aliupenda mlango ule kuliko alivyowapenda baadhi ya wahadhiri. Kila Jumatatu aliingia ofisini kwa Joanitha, msaidizi wake, na karatasi mkononi, akaisoma kwa sauti kama mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi.

"Ushiriki wa wanafunzi maktabani umepanda tena, Joanitha. Maradufu! Andika."

Joanitha aliandika. Angefanya nini? Alijua, na kila mwenye macho alijua, kwamba tangu mvua zianze njia ya chini ya kwenda kantini ilikuwa tope tupu, na wanafunzi walikuwa wamegundua kwamba ukiingia maktaba kwa mbele ukatokea kwa nyuma, unafika kwenye chapati na viatu vyako visafi. Alishamweleza bosi wake jambo hili kwa adabu, kisha kwa mkato, kisha kwa picha aliyoipiga kwa simu. Dk. Byabato aliitazama ile picha kwa muda, akasema kwamba mtu aliyepita katikati ya vitabu si sawa na ambaye hakupita kabisa.

Ingekuwa ni mlango peke yake, Joanitha angevumilia. Lakini mwezi uliokuwa unafuata Baraza la Chuo lilikuwa linakutana, na mezani kulikuwa na fungu moja la fedha na watu wawili wanaolitolea macho. Dk. Byabato na wenzake walitaka geti jipya la matofali ya kuchoma, lenye nembo ya chuo juu, ili kila anayeingia Bukoba ajue amepita mbele ya chuo kikuu. Idara ya Kilimo ilitaka shamba la mafunzo, kwa sababu lile la zamani, nyuma ya bweni la wasichana, lilikuwa limegeuzwa maegesho ya magari ya wahadhiri. Baraza lilisema litaamua kwa kuwasikiliza wanafunzi na wahitimu. Wakiwa wameridhika na masomo, basi geti lijengwe. Wakiwa hawajaridhika, shamba. Aliyetumwa kuwasikiliza alikuwa Joanitha, na dodoso lake la maswali kumi, kila swali likijibiwa kwa alama moja hadi tano. Moja, sijaridhika kabisa. Tano, nimeridhika sana.

Kwake jambo hili halikuwa la ofisini tu. Mdogo wake, Annastella, alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kilimo pale pale chuoni. Wazazi wao walikuwa wameshafariki, na Joanitha ndiye aliyekuwa baba na mama katika vyumba viwili vya kupanga huko Kashai. Yeye mwenyewe alisomea hapo hapo, akaajiriwa hapo hapo, na mdogo wake akamleta hapo hapo, kwa kuwa ndugu wa mfanyakazi hulipa nusu ada. Tangu utotoni Annastella alikuwa na neno moja tu: atarudi Muleba kufufua kahawa ya kwenye kibanja cha baba yao. Sasa alikuwa amesoma kahawa mihula mitatu, na katika mihula hiyo mitatu hakuwa amekata tawi hata moja. Matawi aliyaona ukutani, kwa projekta, siku ambazo umeme ulikuwapo. Shamba likikosekana safari hii, Baraza lingekuja kulizungumzia tena wakati Annastella ameshavaa joho.

Kwa hiyo Joanitha alilitaka jibu la kweli kama mtu anavyotaka maji. Na jibu la kweli, jamani, hakuna aliyempa.

Alianza na wanafunzi. Alimkabidhi Protase, kiongozi wa darasa la Annastella, rundo la madodoso awagawie wenzake. Protase alirudi kabla chai ya ofisini haijapoa. Madodoso yote yalikuwa yamejazwa, yamepangwa vizuri, na kila alama ya vema ilikuwa na mkia ule ule uliopinda kulia.

"Protase, haya umeyajaza wewe mwenyewe."

"Nimewasaidia, madam. Walikuwa na jaribio."

"Umewasaidia kuridhika?"

Protase alijikuna shingo. "Sasa madam, mhadhiri alikuwa amesimama palepale. Nani ataandika mbili mhadhiri akimwangalia? Hizo mbili zitarudi kwetu kwenye mtihani."

Joanitha alichapisha madodoso mengine, akaenda darasani mwenyewe, akamwomba mhadhiri atoke nje, akawahakikishia wanafunzi kwamba hakuna jina litakaloandikwa. Wakainama wakaandika kimya kama watu walio ibadani. Tano zikaja zile zile, safari hii kwa mikono tofauti. Mmoja wa mikono hiyo aliujua vizuri, kwani yeye ndiye aliyeufundisha kuandika.

Jioni hiyo, nyumbani Kashai, Annastella alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi. Joanitha hakungoja hata kuvua viatu.

"Na wewe umeweka tano? Mafunzo kwa vitendo, tano?"

"Dada, kazi ilikuwa yako. Umesimama mbele yetu na lile gauni lako la mikutano. Nikupe mbili mbele ya wenzangu?"

"Anayepimwa si mimi! Ni chuo!"

"Mimi najua," alisema Annastella, akatupa ndizi kwenye sufuria. "Lakini mkono haukukubali."

Joanitha alitamani kupiga kelele. Alikaa akamsaidia kumenya, na ndizi mbili alizikata vibaya kwa hasira.

Akahamia kwa wahitimu. Wale, alijiambia, wameshaondoka, hawana mtihani wa kuogopa. Akapiga simu siku nzima mpaka sikio likawa la moto. Aliyeko Geita alisema tano. Aliyeko Dodoma alisema tano, akauliza kama anaruhusiwa kutoa sita. Mwingine alikuwa hapohapo sokoni Bukoba, sauti za wauza dagaa zikisikika nyuma yake.

"Tano zote, dada! Chuo chetu hicho!"

"Asante. Na kwa sasa unafanya kazi gani?"

"Aa, nipo nipo tu."

Joanitha aliandika: tano, yupo yupo tu. Watani wetu hutuita sisi Wahaya nshomile, watu wa "nimesoma mimi", na kusema kweli hawatuonei. Mhaya anaweza kukuuzia kuku mgonjwa akakuambia wazi kwamba anaumwa, lakini shahada yake hatakuambia hata kwamba inakohoa. Mhitimu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kulisema. "Dada, nikisema chuo ni kibovu, cheti changu nacho nikiite nini?" Kisha naye akatoa tano.

Joanitha akaona simu ndiyo tatizo. Watu hawafunguki kwenye simu. Akamchagua Gozbert, aliyekuwa wa kwanza katika mwaka wake wa kilimo, kijana mpole asiyejua kusema uongo, aliyerudi kwao Ijumbi. Akapanda gari la asubuhi hadi Muleba mjini, akachukua bodaboda, akafika akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Aliwaza kwamba watakaa wawili tu, yeye na Gozbert, kwenye viti viwili chini ya dirisha. Mtu akikaa ofisini muda mrefu husahau alikozaliwa.

Sebuleni alimkuta Mzee Kagaruki, baba yake Gozbert, katika koti lake la kanisani. Alimkuta Mama Celina, mkewe, na majirani, na katekista, na kijana Mujuni, mdogo wake Gozbert, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha sita. Ukutani, kando ya picha ya Bikira Maria, palikuwa na picha kubwa ya Gozbert katika joho. Bikira Maria alikuwa mdogo zaidi.

Joanitha alipiga magoti akasalimia wakubwa mmoja mmoja, akaulizwa habari za njiani, za mjini, za waliomzaa, akapewa pole ya msiba uliopita zamani. Zikaletwa buni za kutafuna katika kikapu kidogo, naye akatafuna. Likaja pande la ndizi na maharage, na samaki wa ziwani, naye akala, akaambiwa hajala, akala tena. Ndipo akaruhusiwa kutoa karatasi zake.

"Swali la kwanza. Umeridhika kwa kiasi gani na ubora wa ufundishaji?"

Gozbert alifungua mdomo.

"Tano," alisema Mzee Kagaruki.

"Mzee, samahani, anayetakiwa kujibu ni Gozbert."

"Sawa kabisa. Gozbert, jibu."

"Tano," alisema Gozbert.

Majirani wakaitikia kwa vichwa. Wakaenda hivyo, swali baada ya swali, Joanitha akisoma na nyumba nzima ikijibu, mpaka wakafika kwenye mafunzo kwa vitendo. Hapo Gozbert alisita. Alitazama viganja vyake.

"Kwa vitendo... hapo labda..."

Mama Celina alikuwa anaondoa vyombo. Akaviweka chini. "Labda nini? Mtoto wa watu ametoka Bukoba, vumbi hata halijamtoka, wewe unampa labda? Mpe tano zake aende nazo." Akamgeukia Joanitha, akamshika mkono kwa huruma ya kweli. "Waitu mwana wange, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Kwetu mgeni haondoki na mbili. Huko ofisini wakiziona mbili, si watakuuliza ulikuwa unafanya nini siku nzima?"

Joanitha alimkodolea macho mama yule mwema, na jambo zima likamfungukia pale pale, akataka kucheka na akataka kulia. Hakuna aliyekuwa anakipima chuo! Tano zilikuwa zake yeye. Zilikuwa kama lile chane la ndizi analofungiwa mgeni kwenye pikipiki ili asirudi kwao mikono mitupu. Geita walimfungia tano, Dodoma wakamfungia tano, na mdogo wake mwenyewe, damu yake, akamfungia tano za gauni la mikutano. Majuma mawili alikuwa akizunguka na dodoso kama mtu anayezunguka na kikapu, na watu walikuwa wakimjazia.

"Asante sana, Mama," alisema, kwa kuwa hakuna kingine cha kusema.

Akakunja karatasi. Na ili tu mazungumzo yasife, akamgeukia Mujuni. "Na wewe, mwakani tukutegemee kwetu?"

"Huyu anakwenda Morogoro," alijibu Mzee Kagaruki.

"Mbona mbali hivyo, Mzee? Sisi tuko hapa hapa, na Gozbert ametusifu."

Mzee Kagaruki alichukua buni moja, akaitazama, akaitia mdomoni. Alitafuna bila haraka.

"Waitu, pale kwenu tunaye mmoja tayari," alisema. "Mmoja anatosha."

Katekista alikohoa. Gozbert aliinuka akasema pikipiki inangoja, amsindikize mgeni.

Walitembea kati ya migomba, Gozbert akiwa amebeba chane la ndizi begani. Walipokuwa mbali na nyumba alisimama, akamwonyesha kwa kidevu kibanja cha ng'ambo. Kilikuwa cheupe, kimelala, majani makavu yakiwa chini kama nguo zilizovuliwa.

"Mwaka jana mnyauko uliingia pale," alisema. "Wakanifuata. Msomi wa kilimo si nipo? Nikachukua panga lao nikaanza kukata migomba iliyougua. Nimekata huu, nimehamia ule, nimehamia ule. Panga sikulipitisha kwenye moto hata mara moja. Ugonjwa niliusambaza mimi, kwa mkono wangu, mpaka kibanja kikaisha."

"Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa! Kwenye mtihani niliandika: choma panga kila baada ya mgomba mmoja. Nikapata A. Lakini nilikuwa sijawahi kushika panga mbele ya mgomba unaoumwa, dada. Panga likiwa mkononi, watu wamekuzunguka wanakuita mtaalamu, ile karatasi huikumbuki."

"Sasa kwa nini hukusema mle ndani?"

"Mle ndani kuna ile picha. Ukoo mzima ulichangia sherehe yangu, na mwenye kile kibanja alileta pombe ya rubisi." Akamfungia ndizi nyuma ya pikipiki, akaivuta kamba kuhakikisha imekaza. "Usiandike nilichokuambia. Mimi niandikie tano."

Joanitha alirudi Bukoba akiwa na ndizi, hasira, na tano. Hasira ilikuwa nzito kuliko ndizi. Njia nzima alikuwa akigombana kichwani na watu ambao hawakumkosea kitu isipokuwa ukarimu. Alipofika mjini lilikuwa limebaki neno moja tu la siku ile lisilokuwa la ukarimu, nalo ni la Mzee Kagaruki. Mmoja anatosha.

Kesho yake akaanza kupiga simu upya. Safari hii hakuuliza mtu kama ameridhika. Aliuliza: baada yako, nani nyumbani kwenu amekwenda chuo kikuu, na amekwenda wapi? Swali hilo watu hawakuliona kama kikapu cha mgeni. Waliliona kama nafasi ya kujisifu, na nafasi hiyo hatuiachi ipite. Mdogo wangu yuko Mwanza. Wa kwetu yuko Dodoma. Mpwa wangu yuko Kampala, dada, anasomea madawa. Sisi tumewapeleka wawili Morogoro. Wahitimu wale wale, wenye tano zile zile, walitaja vyuo vya nchi nzima na vya nchi jirani. Katika orodha yote alikuwapo mhitimu mmoja tu aliyemleta ndugu yake hapo hapo. Alikuwemo kwa sababu Dk. Byabato alitaka wafanyakazi waliosoma hapo nao wahesabiwe, ili idadi iwe nzuri.

Alipompelekea bosi wake ukurasa huo, Dk. Byabato alisukuma miwani yake juu. "Hili swali halimo kwenye dodoso lililopitishwa."

"Liwe kiambatisho, Daktari."

"Kiambatisho sawa," alisema Dk. Byabato, ambaye maishani mwake hakuwahi kusoma kiambatisho.

Siku ya Baraza ukumbi ulifagiliwa mara mbili, na viti vikavalishwa vitambaa. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Agnetha, mama wa Kilutheri aliyekuwa mkuu wa shule ya wasichana mpaka alipostaafu, ambaye inasemekana alimfukuza shule mtoto wa dada yake mwenyewe kisha akaenda kula naye chakula cha jioni. Wageni walikuwa wengi: wachungaji, mapadre, wafanyabiashara wa kahawa, watu wa halmashauri. Na kwa kuwa wageni lazima wanywe chai, wasichana wa mwaka wa pili wa kilimo walikuwa wametolewa darasani kuja kuimimina. Annastella alikuwa kati yao, chupa kubwa ya chai mkononi. Joanitha alipomwona alihisi damu ikipanda kichwani.

Dk. Byabato alisimama akatoa taarifa yake vizuri sana, hilo mtu hawezi kumnyima. Alionyesha mlango wa maktaba na mstari wake unaopanda. Alionyesha kuridhika kwa wanafunzi: nne nukta tisa. Alionyesha kuridhika kwa wahitimu: nne nukta tisa. "Waheshimiwa, hata mbinguni sijui kama wanapata hiyo," alisema, na wachungaji wakacheka, na watu wakapiga makofi. Kisha akaonyesha mchoro wa geti.

"Nimeona hapa kuna kiambatisho," alisema Mwalimu Agnetha, akilamba kidole na kufungua ukurasa wa mwisho. "Nani atakieleza?"

Joanitha alisimama akaeleza. Alisema watu hawa wote wametoa tano, na watu hawa hawa wote wamewapeleka wadogo zao kwingine. Dk. Byabato, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anakijua kiambatisho chake, aliruka haraka.

"Lakini yupo mmoja aliyeleta! Mnaona? Huyo ndiye wa kumweka kwenye bango letu, pale getini! Ni nani huyo?"

"Ni mimi," alisema Joanitha.

Watu wakacheka kwa furaha, kama wanavyocheka watu waliookolewa na aibu. Mwalimu Agnetha hakucheka. Alivua miwani.

"Basi wewe ndiye ninayekutaka. Wewe umesoma hapa, na umemleta mdogo wako hapa. Niambie mbele ya wageni hawa. Umeridhika?"

"Nimeridhika sana, Mwalimu."

Lilimtoka kabla hajalijua, laini, tamu, na magoti yake yalikuwa yameinama kidogo kwa heshima. Makofi yakaanza. Joanitha alisimama pale akiyasikia makofi yale na hakuamini kinywa chake. Majuma yote yale! Amemkaripia Protase, amemgombeza mdogo wake, amewasonya wahitimu wa mikoa minne na simu ikiwa imekatwa, na yeye, mwenye kiambatisho mkononi, ameulizwa mara moja tu akajibu kama Mama Celina. Alijichukia mpaka masikio yakawaka. Kando ya meza ya wageni, Annastella alikuwa ameacha kumimina, anamtazama.

"Mwalimu," alisema Joanitha, "naomba nifute nilichosema."

Makofi yakakatika. "Unafuta nini?"

"Hilo la kuridhika. Mmeniuliza mbele ya wageni, nami nikawaandalia wageni. Hapo ndipo zilipotoka tano zote mlizozipigia makofi, Mwalimu. Watu wamenipa mimi, kwa huruma, nisirudi ofisini mikono mitupu. Mimi sijaridhika. Mdogo wangu nilimleta kwa sababu ya nusu ada. Anasoma kilimo mwaka wa pili, na jembe la chuo hiki halijui lina mpini wa rangi gani."

"Mwenyekiti," alisema Dk. Byabato, akiwa amesimama, "naomba ieleweke kwamba huyu ni mfanyakazi wa mkataba na..."

"Daktari, kaa." Mwalimu Agnetha hakumtazama hata. "Huyo mdogo wako yuko wapi sasa hivi?"

"Yule pale mwenye chupa ya chai."

Vichwa vyote vikageuka. Annastella alibaki ameshika chupa kwa mikono miwili, na Joanitha alimwombea kimyakimya, hakujua hata anamwombea nini.

"Binti," alisema Mwalimu Agnetha, "mwaka huu mikono yako imejifunza nini hapa?"

Annastella aliwatazama wageni. Akamtazama dada yake, akaitazama chupa.

"Kumimina chai, Mwalimu."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyeulizwa njia akaionyesha. Padre mmoja aliyekuwa amenyanyua kikombe alikirudisha kwenye kisahani taratibu. Mwalimu Agnetha aliufunika mchoro wa geti kwa mkono wake, akauliza yale magari kwenye shamba la wanafunzi ni ya nani na nani, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile wahadhiri wakaangalia chini.

Kikao kilipoisha geti lilikuwa limesogezwa mpaka mwaka ambao hakuna aliyeutaja, na Idara ya Kilimo ilikuwa imepewa shamba lake. Dk. Byabato alipita karibu na Joanitha mlangoni, akamwambia watazungumza Jumatatu kuhusu mkataba wake. Joanitha akasema sawa.

Walirudi Kashai kwa miguu, dada na mdogo, kwa kuwa Annastella alikataa bodaboda. Alisema anataka kusema. Na akasema. Alisema kuhusu mhadhiri anayesoma slaidi huku mgongo umewaelekea, kuhusu darubini iliyofungiwa kabatini na ufunguo uliosafiri na mtu aliyehama, kuhusu siku walipofundishwa udongo bila kugusa udongo. Alisema kuhusu vyoo vya chuo. Alisema kuhusu maktaba, ndiyo, na chapati. Joanitha hakuwa na kalamu, na majibu yote aliyoyatafuta majuma yale yalikuwa yakimiminika njiani bila dodoso, na mengine yalikuwa yakimchoma.

"Na wewe ulisoma pale, dada. Si ulijua?"

"Nilichokiangalia ni nusu ada," alisema Joanitha.

Annastella alitangulia mbele mpaka kwenye maduka ya kwanza ya Kashai. Kisha akaanza tena, kwa sauti ya chini. Alisema mwezi uliopita uani bwenini palikuwa na mgomba uliokuwa unanyauka. Aliomba panga kwa mlinzi. Akasimama mbele ya ule mgomba peke yake, hakuna anayemwangalia, akashindwa aanzie wapi, akaogopa, akalirudisha panga. "Mimi, dada. Mtoto wa baba yetu. Nimeogopa mgomba."

Joanitha alisimama katikati ya njia, bodaboda zikiwapita huku na huku.

"Jumamosi tunakwenda Muleba, kwenye kibanja cha baba," alisema.

"Kufanya nini? Shamba la chuo si wamesema litaanza muhula ujao?"

"Litaanza litakapoanza. Wewe utakata kahawa ya baba, yote iliyozeeka."

"Na nikiiharibu?"

"Iharibu," alisema Joanitha. "Afadhali uiharibu ya kwetu."